Helikopta Tuliyoiona kwa Chini

Shella, Malindi
Ijumaa, baada ya sala

Mama yangu mpenzi,

Kabla ya salamu nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Tangu nije huku, siku nyingi nikitoka shuleni siji nyumbani moja kwa moja. Hupita njia ya nyuma mpaka kwenye ua wa waya wa uwanja wa ndege, nikasimama penye kivuli cha mwarobaini, nikangoja. Ndege au helikopta ikiwashwa, na mngurumo ukawa mkubwa hata mtu hawezi kujisikia mwenyewe, hapo nazungumza na wewe. Kwa sauti, Mama, kama nazungumza na mtu aliye ng'ambo ya uwanja. Nakwambia nilichokula, nilichosoma, nani kanicheka. Injini ikizimwa nami nanyamaza, nachukua mkoba wangu naenda zangu.

Basi hilo umelijua. La pili ndilo lililonikalisha chini kuandika: nataka kurudi nyumbani. Si kwa likizo. Kurudi Faza nikakaa, nisome pale pale, hata kama maabara hakuna. Nakuomba ruhusa.

Sasa nikusalimu kama anavyosalimiwa mzazi. Shikamoo, Mama. Kifua chako ki hali gani? Kile kikohozi kilichokuwa kikikushika alfajiri kimekuacha? Bado wasinzia na kofia mkononi, sindano imesimama hewani? Usije ukajidunga nami sipo wa kukucheka. Mimi mwili wangu ni mzima, nala, nasali, na nimerefuka mpaka ile kanzu ya Idi imepanda juu ya vifundo vya miguu. Bi Zuhura amesema atanishonea nyingine.

Haya singeweza kukwambia kwenye simu. Wajua simu yako ikilia huwekwa sauti ya juu, na kabla hujasema "halo" nyumba nzima imekwisha kunijibu. Mara ya mwisho nilipouliza habari zako alinijibu jirani. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Na kuandika kwenyewe naandika kwa kuiba; kila nikisikia mtu yuaja naisukuma karatasi chini ya mkeka. Sikukatazwa. Lakini mtu aliyepokewa na mjomba wake, akapewa chumba cha juu chenye dirisha, akapakuliwa kabla ya wenye nyumba, ataanzaje kuandika kwamba ana upweke? Itakuwa nimemshitaki ndugu yako kwako. Nami nyote wawili nawapenda.

Mjomba Lali ni mtu mwema, na yeye kuchangamka ndiyo dini yake ya pili. Pale dukani kwake anauza misumari na rangi, lakini nadhani watu huja kununua maneno. Siku za mwanzo alinikalisha kwenye kiti karibu na mizani, akawa akimwambia kila mteja: "Huyu ni mpwa wangu. Dada kaniletea bila betri." Watu walicheka, nami nikacheka, kwa sababu ni kweli inachekesha. Ila wengine walirudi kesho yake wakaniuliza, "Vipi, betri hazijafika?" na kesho kutwa pia, na mimi sikuwa na jibu jingine ila kucheka tena. Bi Zuhura naye haachi kunihimiza. "Kula, mwanangu. Au wali wa Malindi haushuki kooni?" Nasema ahsante. Mama, katika nyumba hii neno langu ni ahsante. Wao huzungumza wote kwa pamoja, habari za watu nisiowajua, na mimi nikishapata la kusema tayari mazungumzo yamefika mtaa mwingine.

Shuleni ndiyo zaidi. Huko yatakiwa Kiingereza toka langoni. Kukiandika nakiandika, walimu wanasifu insha zangu. Lakini nikifungua mdomo darasani natokwa na jasho la mikono, na nikijitahidi kwa Kiswahili wanaiga matamshi yetu ya visiwani. Nimesomeshwa lugha mbili nikawa bubu wa zote mbili.

Yupo Mwalimu Karisa, anayetufundisha fizikia. Kwao ni Kaloleni, mtu mrefu, mfuko wa shati daima mweupe kwa chaki. Ndiye aliyeniingiza katika klabu ya sayansi, hakuniuliza kama nataka, alinirudishia daftari la hisabati na kusema, "Jumanne, baada ya vipindi, maabara." Jumanne ile akatutangazia kwamba tutaunda helikopta tuipeleke kwenye mashindano ya Kilifi. Wavulana wakapiga makofi, nadhani waliona vyuma. Mwalimu akangoja watulie.

"Ya hisabati," akasema. "Haitaruka popote ila ndani ya kompyuta. Lakini ikianguka, nitataka kujua kwa nini."

Wengi Jumanne ya pili hawakuja.

Nitakueleza ilivyo, Mama, maana ndicho kitu pekee huku kilichonifanya nisahau kwamba niko peke yangu. Helikopta ya kweli ina mambo mengi mno. Mapanga yake yale ya juu hupinda, hutikisika, upepo huyapiga, rubani huhema, mafuta hupungua. Ukitaka kuyaandika yote utazeeka hujafika popote. Basi kazi ni kutoa. Mwalimu alituambia tuyafanye mapanga yote kama sahani moja nyembamba, pana, inayosukuma hewa chini. Hewa ikisukumwa chini, sahani yapata kusukumwa juu. Kusukumwa huko kukiwa sawa na uzito, helikopta yaning'inia hewani mahali pamoja kama taa. Upepo, hakuna. Kupinda, hakuna. Kadzo aliuliza kama huko si kudanganya. Mwalimu akasema, "Kudanganya ni kutoa kitu halafu ukasema hakikuwepo. Wewe kitoe, na uandike kwamba umekitoa." Na modeli yetu, akasema, itakuwa kweli kwa mitikisiko midogo tu. Nilimwandikia pembeni mwa daftari: *na mikubwa?* Akaandika chini yake: *Mikubwa ina hesabu yake. Anza na midogo.*

Kadzo ndiye niliyepangwa naye. Ni msichana wa Kakuyuni, wazazi wake wakulima, anakuja shule kwa baiskeli na hana breki, za baiskeli wala za ulimi. Mimi nilipewa milinganyo, yeye akapewa kuiingiza kwenye kompyuta, kwa kuwa alijifundisha mwenyewe kuandika programu. Siku ya kwanza alizungumza peke yake mpaka akachoka.

"We Athman, hivi nafanya kazi na mtu au na ukuta?"

Nikamsogezea karatasi ya hesabu.

"Hee! Ukuta unaandika vizuri."

Toka hapo tukawa hivyo, yeye akisema, mimi nikiandika.

Sasa kuna shida moja ya helikopta ambayo huwezi kuitoa, hata ukitaka. Mapanga ya juu yakizunguka upande huu, mwili wa helikopta wataka kuzunguka upande ule. Mwalimu alituonyesha kwa kuazima kiti cha ofisini kile cha kuzunguka, akalaza feni ya mezani chali juu yake, akaiwasha. Kiti kikaanza kujigeuza chenyewe, polepole, kinyume cha feni, mpaka waya ukajisokota mguuni mwa kiti na tukaizima mbio. Ndiyo maana helikopta ina lile panga dogo la mkiani. Kazi yake ni kusukuma mkia kwa pembeni ili mwili usizunguke. Mwalimu alitupa vipimo vyake na upande lisukumao, amevinakili kitabuni. Upande wa kuzunguka mapanga ya juu hakuutaja, na mimi sikuuliza, kwa sababu naujua. Wakumbuka helikopta iliyotua kiwanjani kwetu kumchukua Bi Amina alipovunjika nyonga? Nilikuwa mbele kabisa, nimeshika kofia yangu kwa mikono miwili. Ilipowashwa niliyatazama mapanga yakianza taratibu juu ya kichwa changu, na yalikwenda kama mshale wa saa. Basi nikaandika hivyo.

Kadzo alipobonyeza, helikopta yetu, ambayo kwenye kioo ni duara tu lenye mstari wa pua, ilizunguka kama pia. Ilizunguka mpaka tarakimu zikajaa kioo. Akasema amekosea kuandika. Akaandika upya. Ikazunguka. Juma lile lote ikawa hivyo, na lililofuata. Mimi nilipitia hesabu zangu mstari kwa mstari, zote sahihi, nikamsogezea karatasi bila neno. Naye akaona namaanisha kosa ni lake. Siku moja aliirudisha kwa nguvu.

"Sema basi! Sema, 'Kadzo, wewe ndiye mjinga.' Lakini useme!"

Nikaikunja karatasi. Alikuwa amebaki shuleni mpaka kwao wakamgombeza, macho mekundu kwa kile kioo, nami hata pole haikunitoka.

Mwalimu alipoona akasema, "Isipotulia juma lijalo, tutapeleka Kilifi ule mradi wa maharagwe yaliyoota gizani. Na ikitulia, aliyefanya hesabu ndiye atakayesimama Kilifi kueleza. Waamuzi hawasomi daftari, wanauliza mtu." Alinitazama mimi. Hapa, Mama, nitakuwa mkweli kwako: moyoni nilifurahi kwamba inazunguka. Ikizidi kuzunguka, sitasimama mbele ya watu.

Jumatano ya juma lililopita nikaenda kwenye ua wangu. Helikopta moja ya wagonjwa ilikuwa imetua, na ilipoanza kunguruma nikakushitakia yote: Kadzo, maharagwe, kioo, na kwamba nataka kurudi. Nilisema sana. Sikujua mngurumo umepungua, maana rubani aliizima kwa ghafla, nami nikabaki katika uwanda mtupu nikisema kwa sauti yangu yote, "…na kama ungekuwepo, Mama, ningekwambia hata yeye simchukii!"

Nikageuka. Kadzo amesimama na baiskeli yake, mkononi kikokotoo changu nilichosahau maabara.

Nilitamani ardhi inimeze. Alininyooshea kikokotoo. Hakucheka, na Kadzo hucheka hata kwenye mazishi ya kuku.

"Kumbe sauti unayo," akasema. "Tena nzito." Akatazama ng'ambo ya ua. "Mama yako… amefariki?"

"La. Yuko Faza."

"Ah! Nimeshtuka bure." Akaegemeza baiskeli kwenye mti. "Mimi nyumbani nasema na mbuzi. Mbuzi hajibu, lakini angalau anakaa."

Tukasimama pale. Lazima lisemwe jambo, na sikuwa na la kusema ila la helikopta, basi nikalisema hilo. Nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba hesabu nimezipitia na kwamba hakukosea yeye wala sijui nani amekosea. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio iliyokuwa mbovu. Mara ile helikopta ikawashwa tena, mapanga yakaanza taratibu. "Yaone," nikamwambia, "kama mshale wa saa." Nikatoa karatasi, nikaiinua juu ya kichwa, nikachora mshale kwa chini yake kama ninavyoyaona yakipita. Kadzo alikuwa amepanda kwenye kiti cha baiskeli, ameshikilia tawi la mwarobaini ili aone vizuri kupita ua. Yeye akaitazama karatasi yangu kwa upande wa juu, jua likiipenya.

"Mbona umechora kinyume?"

"Kinyume gani? Angalia."

"Ndiyo naangalia! Mshale wako unakwenda huku." Akazungusha kidole. Upande mwingine kabisa.

Tukatazamana kwa kupitia ile karatasi. Kisha akapiga kelele kwa lugha ya kwao, "Dzulu! Ni dzulu, Athman! Wewe umechora kwa chini. Watu wa vitabu wanaangalia kwa juu!" Akateleza, akaja nayo baiskeli chini, akaamka vumbi tupu akicheka. Nami nikacheka, Mama, na haikuwa ile ya dukani.

Vipimo vya mkia vilikuwa vya mtu aliyetazama kutoka juu. Vya mapanga vilikuwa vya mtoto aliyeshika kofia yake chini. Panga la mkiani badala ya kuuzuia mwili lilikuwa likiusaidia kuzunguka. Kesho yake tulimweleza Mwalimu, mimi na Kadzo, kwa zamu. Akakaa juu ya meza.

"Kati yetu hapa," akauliza, "nani amewahi kuiona helikopta kwa juu?"

Kadzo akatikisa kichwa. Nikatikisa changu.

"Wala mimi," akasema Mwalimu Karisa. "Sote watatu huinua shingo." Akacheka mpaka chaki ikaruka mfukoni. Tukabadilisha alama moja, Kadzo akabonyeza, na mstari wa pua ukatikisika mara mbili tatu, ukatulia. Tulikaa tukiutazama ukiwa haufanyi lolote. Sijui kama utanielewa nikisema ilikuwa nzuri.

Ungedhani barua yaisha hapo kwa furaha. Lakini nilirudi nyumbani jioni ile nikiwa na habari yangu mdomoni, nikaketi sinia likiwa katikati, na sikupata pa kuiingiza. Nikasema ahsante nikapanda juu. Upweke wa siku ile ulizidi wa siku zote, maana mara hii nilikuwa na kitu cha kumpa mtu.

Kisha jana. Nilikuwa nashuka kwenda kuchota maji ya kutawadha, nikasikia sauti ya Bi Zuhura jikoni, kaishusha.

"Mwenye kibanda cha maji kamwona, si mara moja. Yuasimama pale penye ua wa uwanja wa ndege, yuasema na mtu asiyeonekana. Huku akilia."

"Labda akariri masomo," Mjomba akasema.

"Masomo gani yenye 'Mama, Mama'? Pale ni uwanda mtupu, Lali. Mtoto amekumbwa. Mlete Maalim amsomee."

Mjomba naye akaishusha yake, jambo ambalo mimi sijawahi kulisikia. "Kumsomea si tabu. Kisomo hakimdhuru mtu. Lakini kesho baada ya sala nitakaa naye mwenyewe. Nikiona hali ndiyo hiyo, nampeleka kwa mamake. Dada alinipa mtoto mzima. Sitaki aje kusema nimempoteza nikiwa nauza misumari."

Sauti yake ilikatika hapo kwenye misumari.

Mama, ndilo hilo hilo nililokuwa nikiliomba. Nirudishwe. Nilisimama na lile kopo mkononi nikangoja nifurahi, sikufurahi. Kwanza ni uongo: sikukumbwa na chochote, nilikuwa nazungumza na mama yangu. Na nikiletwa kwenu nimeshikwa mkono, watu wote kiwanjani watasema mtoto wa fulani alipelekwa Malindi akarudi na shetani, na Mjomba atabeba lawama isiyo yake mpaka kufa, na wewe utajilaumu kwa kunituma. Pili ni kwamba Kilifi ni juma lijalo. Nimekuwa nikijaribu kueleza ile sahani na hewa mbele ya Kadzo, na jana nilifika mwisho. Yeye aliigiza kuwa mwamuzi mwenye usingizi.

Kwa hiyo sijui nikwambieje. Nataka kurudi nyumbani. Nataka pia kwenda Kilifi nikasimama. Nimeshindwa kutoa moja nikaliacha jingine. Lile ombi la mwanzo sijalifuta, lipo kama nilivyoliandika, lisome pamoja na haya kisha unijibu wewe, kwa karatasi, usinijibu kwa kipaza sauti.

Mpe shikamoo yangu Baba, na umwambie madrasa yake sijaiacha, narudia sura zangu kila alfajiri. Msalimie dada Mwanaisha na mtoto wake mchanga, nasikia amefanana na mimi, pole yake. Babu umbusu mkono kwa niaba yangu. Bi Amina mwambie helikopta yake imenisumbua kuliko ilivyomsumbua yeye nyonga. Jirani anayejibu simu yako naye asalimiwe, maana najua ataulizia.

Nasikia ngazi. Ni ndara za Mjomba, na ameanza kukohoa tangu chini, yule ambaye huingia popote akizungumza. Amesimama katikati ya ngazi. Sasa yuapanda tena. Mkeka uko hapa karibu na mguu wangu, na muda upo.

Karatasi naiacha mezani. Asome mwenyewe nilikuwa nikisema na nani.

Mwanao,
Athman